Penina Muhando na Nguzo Iliyokataa Kusimama

Penina Muhando alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Berega, Ukaguru, wilaya ya Kilosa. Berega kilikuwa kituo cha misheni ya Kianglikana. Upande mmoja palikuwa na kanisa, skuli na zahanati. Upande wa pili Wakaguru waliendelea na ngoma zao, na miongoni mwa ngoma hizo ni digubi, anayochezewa mwari anapovunja ungo. Digubi si ngoma ya kutikisa mabega tu. Mna nyimbo za mafumbo, mna maigizo, na mna mafunzo ambayo mwari hatayapata darasani wala kanisani.

Wanaoandika historia ya fasihi hupenda kuanza na kitabu cha kwanza. Kwa Penina mimi naona ni haki kuanza na digubi, maana mwenyewe aliirudia. Mwaka 1981, akiwa mhadhiri, aliandika makala kuhusu ngoma hiyo katika jarida la maigizo la Marekani, na mwaka 1983 akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa utafiti juu ya sanaa za maonyesho za Wakaguru kama chombo cha kufundishia. Hoja yake ilikuwa kwamba mchezo wa kuigiza haukushuka melini pamoja na Shakespeare. Wazungu walituletea jukwaa lenye pazia, lakini kazi ya kuigiza maisha ili watu wajifunze ilikuwapo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake.

Kwetu Unguja hoja hiyo haina ugeni. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, tunamkumbuka kwa taarab, lakini sehemu kubwa ya umri wake aliishi kama somo wa unyago, akipiga msondo na kuwafunda wari kwa nyimbo na vitendo ambavyo mwanamume haruhusiwi kuviona. Kabla yake alikuwapo Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880, akaingia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akasafiri kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Wimbo wake wa Kijiti ni mchezo kamili kwa kila hali: kuna mgeni wa kike aliyetoka Dar es Salaam, kuna muuaji anayetorokea bara, na kuna mahakama ambayo adhabu yake inawaangukia wanawake waliojitokeza kuwa mashahidi. Zikiongezwa natiki, yaani vichekesho vifupi vilivyochezwa baina ya nyimbo, utaona kwamba watu wa Ng'ambo, Unguja mjini, walikuwa na ukumbi wao wa maigizo kabla Mwingereza hajafikiria kuwajengea mmoja. Lakini hayo yote hayakuwa kitabuni. Mwanamke aliyeandika tamthilia kwa Kiswahili, ikapigwa chapa na jina lake likakaa juu ya jalada, alibaki kuwa adimu mpaka alipotokea binti wa Berega.

Alifika chuo kikuu, Mlimani, Dar es Salaam, wakati mzuri. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na katika miaka hiyohiyo chuo kikaanzisha masomo ya sanaa za maonyesho. Mwalimu Nyerere alikwisha kufasiri Juliasi Kaizari mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Rais anayefasiri tamthilia usiku alikuwa tangazo tosha kwamba Kiswahili kinabeba mzigo wowote. Mwaka huohuo wa 1969 Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile. Mzanzibari Farouk Topan alikuwa akifundisha fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili, jambo ambalo kabla ya hapo wengi waliliona la ajabu, na mwenyewe akaandika Mfalme Juha. Penina alisomea sanaa za maonyesho na ualimu katika hewa hiyo, akabaki chuoni kufundisha, na miaka ya mbele akawa profesa na mkuu wa idara.

Tamthilia yake ya kwanza, Hatia, ilitoka mwaka 1972. Kiini chake ni msichana aliyepata mimba bila ndoa, na hatia inayozuka baada ya hapo. Nikumbushe tu kwamba mwandishi alikuwa na umri wa miaka 24. Wenzake wa kiume waliandika juu ya Maji Maji na wafalme. Yeye alianza na mimba ya binti wa watu. Mwaka 1973 ikaja Tambueni Haki Zetu, 1974 Heshima Yangu, 1975 Pambo, inayomgeukia kijana msomi na pengo lililopo baina yake na jamii iliyomsomesha, na 1976 Talaka si Mke Wangu. Vitabu vitano kwa miaka mitano! Sioni mwandishi mwingine wa tamthilia wa Kiswahili aliyekwenda kwa kasi hiyo.

Talaka si Mke Wangu ilitoka wakati talaka ni habari ya mjini. Mwaka 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa iliyoondoa uwezo wa mume kuvunja ndoa kwa kauli yake tu. Ndoa ikawa haivunjiki kisheria mpaka mahakama iseme. Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara. Huku Visiwani haitumiki, na talaka zetu zimebaki kwa kadhi, kwa maana hiyo mama wa Tumbatu aliyekisoma kitabu kile na mama wa Kilosa hawakuwa na ulinzi wa aina moja, ijapokuwa kilio kilikuwa kimoja.

Vingi vya vitabu vile vya mwanzo vilichapishwa Nairobi. Hapakuwa na ubaya: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa hai, na mchapishaji wa Nairobi aliuza vitabu Dar es Salaam bila taabu. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa mpaka 1983. Tangu Talaka si Mke Wangu hadi kitabu kilichofuata ni miaka sita. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na utafiti wa uzamivu, na kulikuwa na vita vya Kagera. Kitabu kilichofuata kilichapishwa nyumbani, Dar es Salaam.

Kabla sijafika huko, niseme neno juu ya Kiswahili chake. Wakati wake Afrika nzima ilikuwa na wanawake wa tamthilia wenye majina: Efua Sutherland na Ama Ata Aidoo wa Ghana, Zulu Sofola wa Nigeria, Micere Githae Mugo wa Kenya, aliyeshirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka 1976 kuandika juu ya kesi ya Dedan Kimathi. Hao waliandika kwa Kiingereza na wakasomwa London na New York. Penina aliweza kufanya hivyo. Makala zake za kitaaluma ni za Kiingereza. Tamthilia zake akaziacha kwa Kiswahili kwa makusudi, na alipohojiwa na Adeola James kwa ajili ya kitabu cha mazungumzo na waandishi wanawake wa Afrika, kilichotoka mwaka 1990, aliueleza uamuzi huo bila majuto: anaandika kwa ajili ya Watanzania. Bei yake aliilipa, kwani nje ya Afrika Mashariki hajulikani kwa kadiri ya kazi yake. Hata ndani jina lake limempa usumbufu. Tamthilia ni za Penina Muhando, utafiti ni wa Penina Mlama, jina la ndoa, na msomaji asiyejua hudhani ni watu wawili.

Sasa Nguzo Mama, ya mwaka 1982, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Mahali ni kijiji cha Patata. Chini imelala nguzo, na kazi ya wanawake wa kijiji ni kuisimamisha. Hiyo ndiyo hadithi yote. Bi Msimulizi anaikariri kwa namna ya mtambaji, anazungumza na watazamaji, anawapa wimbo wa kuitikia. Wanawake wenyewe hawana majina ya kuzaliwa; wanaitwa kwa hesabu, Bi Pili, Bi Tatu, Bi Nne na kuendelea, kama watoto waliopangwa mstarini. Kuna Chizi, mwendawazimu, anayepita akisema ambayo wenye akili zao wanayaogopa. Wanashika kamba, wanavuta, nguzo inanyanyuka kidogo, halafu mmoja anaachia. Anaachia kwa sababu amekumbuka shida yake: mume, watoto, pesa, au mwenzake aliyemsengenya. Wanapumzika na kugombana, wanakaa kikao cha kusuluhishana, wanarudi kwenye kamba. Miongoni mwao yumo mjane ambaye maiti ya mumewe haijapoa, nao ndugu wa marehemu wameshafika kuorodhesha mali.

Mwaka ule Umoja wa Mataifa ulikuwa katikati ya muongo wake wa wanawake, uliohitimishwa kwa mkutano mkubwa Nairobi mwaka 1985. Kwetu kulikuwa na Umoja wa Wanawake wa Tanzania, vitenge vya sare, risala na kwaya za kumpokea mgeni rasmi. Kila mtu alikuwa akisema mwanamke ni nguzo ya taifa. Penina aliichukua sifa hiyo akaifanya mti halisi, mzito, umelala jukwaani mbele ya watu, akawaambia waliosifu waje wausimamishe. Hausimami. Mchezo unakwisha nguzo iko chini. Wapo wasomaji waliomlaumu kwamba amewavunja moyo wanawake, kwamba mwisho ule unaonyesha hawawezi kuungana. Mimi siuoni hivyo. Angeisimamisha ile nguzo kwa wimbo wa mwisho na vigelegele, ingekuwa risala nyingine tu, na risala tulikuwa nazo za kutosha.

Yule mjane ananigusa zaidi, kwa sababu hapa Unguja tuna jibu la haraka juu yake. Tunasema, kwetu Uislamu umemaliza: mume akiacha mtoto, mjane anapata thumni, asipoacha, anapata robo. Ni kweli, na ni haki iliyoandikwa kabla Ulaya haijamtambua mke kuwa na mali. Lakini muulize mjane yeyote wa shamba thumni yake ya mikarafuu au ya minazi iko wapi. Ataambiwa asubiri eda iishe, kisha asubiri ndugu waliopo Dar es Salaam warudi, kisha kwamba shamba ni la ukoo haligawiwi. Haki anayo, na kuishika mkononi ni safari nyingine. Penina aliandika juu ya bara, lakini vikao vya shemeji anavyovichora tunavijua.

Mwaka huohuo wa 1982 ilitoka Harakati za Ukombozi, aliyoiandika pamoja na Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya. Wanawake watatu, wote walimu wa chuo kikuu, wakaandika historia ya taifa kwa jukwaa: ukoloni, uhuru, Azimio, na kisha swali chungu kwamba ukombozi uliobaki ni wa nani. Lihamba alikwisha kuandika Hawala ya Fedha mwaka 1980, na Balisidya riwaya ya Shida mwaka 1975. Siifahamu kazi nyingine ya Kiswahili ya miaka ile ambapo wanawake watatu waliketi meza moja na kuandika juu ya siasa badala ya kuandikiwa.

Lina Ubani ikafuata mwaka 1984. Vita vya Kagera, vilivyoanza mwishoni mwa 1978 na kumtoa Idi Amin Kampala Aprili 1979, vilituachia ushindi na maduka matupu. Foleni za sukari, sabuni na kanga walizipanga Watanzania wote, Unguja na Bara, na mwaka 1983 serikali ikaanza kuwasaka wahujumu uchumi. Katika tamthilia hii yupo Bibi, mwanamke mzee anayebeba hadithi na machungu ya vita, na wapo wenye nafasi waliokula wakati wengine wanazika. Jina la kitabu linajibu methali isemayo la kuvunda halina ubani. Mwandishi anasema lina ubani. Uozo wa nchi una dawa, tukitaka.

Baada ya hapo hakuendelea kuandika tamthilia za kitabuni kwa kasi ile, na wengine wanamhesabia kwamba alinyamaza. Alikuwa ameshaanza kazi nyingine. Kuanzia mwaka 1982 yeye, Lihamba na Eberhard Chambulikazi walikwenda Malya, wilaya ya Kwimba, mkoani Mwanza, kujaribu sanaa ya maonyesho ya jamii. Hawakubeba tamthilia ya kwenda kuwachezea wanakijiji. Walikaa, wakauliza watu shida zao ni zipi, wakachambua pamoja nao, kisha wanakijiji wenyewe wakatunga mchezo kwa ngoma zao za Kisukuma, wakaucheza uwanjani, na baada ya mchezo mjadala ukafunguliwa: nani atafanya nini. Na shida iliyojitokeza Malya? Mimba za wasichana. Miaka 10 baada ya Hatia, swali lile lile lilimkuta kijijini, safari hii limesemwa na watu ambao pengine hawakuwahi kukiona kitabu chake.

Njia hiyo haikuwa bila hatari. Ng'ambo ya mpaka, Kamĩrĩĩthũ nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi walicheza mchezo wao wa Kigikuyu mwaka 1977. Ngũgĩ, mmoja wa waandishi wake, akatiwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa. Tanzania haikufika huko, ila Penina aliona kikomo kingine. Kijiji kikisema tatizo ni mwenyekiti wetu, sanaa imefanya kazi yake. Kumwondoa mwenyekiti ni jambo ambalo ngoma peke yake haiwezi. Kazi za Malya na vijiji vilivyofuata, pamoja na matatizo yake, alizikusanya katika kitabu cha Kiingereza kilichotoka mwaka 1991 juu ya utamaduni na maendeleo, na kitabu hicho bado kinasomeshwa vyuoni.

Mwaka 1996 yeye na Lihamba wakaanzisha TUSEME katika skuli za sekondari. Wasichana wanakaa wenyewe, wanataja yanayowakwamisha, wanayatungia mchezo, wanaucheza mbele ya walimu wakuu na wazazi, halafu klabu yao inafuatilia ahadi zilizotolewa. Fikiria hali ya msichana wa miaka 15 ambaye hawezi kusimama paredi akasema mwalimu fulani ananitaka. Ndani ya mchezo ataigiza mwalimu asiye na jina, na ukumbi mzima utajua. Hiyo ni hila ya zamani. Siti aliitumia kwa mahakimu, na somo wa unyago kwa wanaume wote. Penina baadaye alikwenda Nairobi kuwa mkurugenzi mtendaji wa FAWE, jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika, na TUSEME ikatapakaa nchi nyingi za bara hili. FAWE ina tawi lake Zanzibar.

Na Zanzibar ilihitaji. Mwaka 1985, mwaka mmoja baada ya Lina Ubani, visiwa hivi vilipitisha sheria iliyoitwa ya kuwalinda wasichana, wajane na walioachwa. Chini ya ulinzi huo, mwanamke asiye na mume akipata mimba aliweza kufungwa jela hadi miaka miwili. Ushahidi dhidi yake alikuwa ameubeba tumboni. Mwanamume alihitaji kukana tu. Sheria ile ilikaa miaka 20, mpaka ilipofutwa mwaka 2005 na nyingine isiyomfunga mama. Baadaye Zanzibar iliruhusu wazazi wanafunzi warudi skuli, na katika hilo iliitangulia Bara, iliyofungua mlango Novemba 2021. Jina la kitabu cha kwanza cha Penina lilikuwa Hatia. Kwa miaka 20 tulikuwa na sheria iliyokuwa na jibu moja tu kwa jina hilo.

Sijawahi kusikia Nguzo Mama ikichezwa Mkokotoni, na hapa ndipo ningependa sana kuiona. Huu ni mji wa mkoa, makao makuu ya Kaskazini Unguja, mwisho wa gari ya 101 inayotoka mjini, na bandari ya mashua za Tumbatu. Asubuhi nenda diko uangalie mnada wa samaki. Chombo kikifika, wanaume wanapandisha bei ya nguru na jodari. Akina mama wapo pembeni na ndoo zao, wakingojea dagaa na samaki wadogo watakaowakaanga au kuwaanika na kuwauza kwa fungu. Hesabu yao wanaijua, mtaji ni wa upatu, na chombo si chao. Mama mmoja akipata zamu ya upatu na mwenzake akachelewa kulipa, ugomvi unaotokea pale ni ule wa Patata, neno kwa neno karibu. Hawahitaji mtu wa kuwafafanulia Bi Pili na Bi Tatu ni nani.

Kucheza Nguzo Mama hakuna gharama ya kutisha. Jukwaa la pazia si lazima, taa za rangi si lazima. Kunahitajika uwanja, gogo moja zito, kamba, kikundi cha akina mama na msimulizi mwenye sauti. Walimu wa Kiswahili wa Mkoa wa Kaskazini wanaoifundisha tamthilia ubaoni, sura kwa sura, maudhui na fani, wawatoe wanafunzi nje na wawaite mama zao waje kuvuta. Na vikundi vya taarab na ngoma, ambavyo kila Mapinduzi na kila mbio za Mwenge huitwa kutumbuiza, viache risala kwa siku moja, vichukue kazi ya mwanamke huyu. Profesa Penina Mlama ameandika kwa lugha yetu tangu mwaka 1972. Aliyebakia na deni ni sisi wasomaji wake.